Masikio ya Baba

9 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa Kitindamimba aliyeng'oka jino la mbele na sasa anatema mate mbali kuliko watoto wote wa mtaa. Mama anakusalimu sana. Huu ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, na akisimama anashika kiuno kama mtu aliyetua gunia. Baba hakusema nikusalimu, lakini anajua nakuandikia na hajanikataza.

Mimi nilimaliza shule Novemba. Sikuwa na pa kwenda, basi Baba akanipa ovaroli yake ya zamani nikaingia naye uani. Ulipoondoka nilikuwa darasa la pili na lori lilikuwa moja. Sasa yako matatu, yote yamestaafishwa jeshini, yote ya dizeli. Lile lisilo na magurudumu linaitwa Mstaafu, tunalichomoa vipuri. Dogo ni Kuruta, kwa sababu haliendi bila kufokewa. Kubwa, la magurudumu sita, ni Afande. Baba anasema haliwaki mpaka ulipigie saluti, na kweli asubuhi za baridi anapiga, mkono mmoja kwenye kofia na mwingine kwenye funguo.

Nina swali moja. Injini ikiwa inaunguruma, Baba ananipa bisibisi ndefu. Naweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni. Yeye analegeza nati za mabomba ya nozeli, yanayopeleka dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine. Silinda nzima ukiinyima dizeli, injini inayumba. Iliyo mbovu hata ukiinyima, mlio haubadiliki. Anasema, "Haya mwanafunzi, nijibu, nione kama una kichwa." Nami namjibu. Lakini Shangazi, hanisahihishi kamwe. Mwalimu gani hasahihishi? Wewe ulifanya naye kazi miaka mingi. Alikuwa anakupa na wewe mtihani huu?

Samahani kwa kuandika mengi.

Ni mimi mwanao.


4 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa ofisini kwa mhasibu wiki nzima chini ya kikombe, imenifikia na duara la chai juu ya anwani. Mimi mzima. Hapa hospitali bado nafua mashuka. Mashine mbili kati ya tatu ni mbovu, na nikizifungua kwa spana wenzangu wanacheka, wanasema dobi ameota ndoto. Jioni miguu inavimba. Ndiyo hivyo.

Usiombe samahani kwa kuandika mengi. Ulipokuwa mdogo tulikuwa tukikuuliza kama umeshiba unatikisa kichwa tu, mpaka tukahisi umemeza ulimi pamoja na chakula. Afadhali kalamu inasema.

Mama yako aweke mto nyuma ya kiuno. Na Afande likitoa moshi mweupe asubuhi, ukaisha likipata moto, msihangaike nalo. Usipoisha, angalieni kwanza kama maji ya radieta yanapungua kabla hamjafungua kitu chochote kikubwa. Mikono ya ovaroli ikunje. Feni haina huruma.

Kuhusu huo mtihani, jibu unachokisikia. Jibu kwa sauti.

Matokeo yako ya shule yametoka? Hukusema.

Shangazi yako.


23 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Pole na miguu. Mto umewekwa, na Mama anasema sasa shida ni usingizi, anataka kulala juu ya cherehani. Mvua zimeanza na ua wote ni tope. Kitindamimba amepoteza kiatu kimoja humo, tumekitafuta kwa fimbo.

Kuna jambo limetokea. Unamkumbuka Mzee wa Kokoto, yule mteja anayesomba mawe? Alikodi Kuruta. Kabla halijaondoka tulilisikiliza kama kawaida. Nikamwambia Baba, "Ya nne haibadiliki. Na huku chini kuna kitu kinagonga." Akatikisa kichwa, akabadilisha nozeli ya nne, akafunga boneti. Mimi nikadhani cha chini amekipima akaona si kitu. Ni nani mimi nimwulize?

Mchana Kuruta lilirudi linavutwa kwa mnyororo. Mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa bloku, oili yote imebaki barabarani. Baba akamwambia Mzee wa Kokoto kwamba oili za siku hizi zimechakachuliwa. Oili ile tulikwenda kuinunua pamoja, Shangazi, na ilikuwa nzuri.

Tangu siku hiyo namwangalia. Mama akimwita akiwa amempa mgongo, hageuki. Juzi birika lilipiga mluzi mpaka maji yakakauka, naye amekaa pembeni yake anasafisha beringi. Jana nilisimama nyuma yake nikasema, "Baba, chai." Nikasema tena. Labda ni sauti yangu, maana hata walimu walikuwa wakinisogelea ndipo wanisikie. Lakini nadhani hasikii. Nadhani alisikia habari ya silinda ya nne kwa sababu nilimwonesha vidole vinne, na ile ya chini sikuwa na kidole cha kuionesha.

Nadhani ule si mtihani.

Ni mimi mwanao.


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naanza kuandika nachana. Kiatu kilipatikana? Mimi mzima, isipokuwa mashine ya tatu nayo imejiunga na wenzake, tunafua kwa mikono.

Si mtihani. Umeona vizuri.

Kaka yangu alitoka jeshini masikio yakiwa yameshachoka. Miaka yote ile alikuwa ndani ya karakana, injini zinapimwa kwa mkupuo, na kuziba masikio kulikuwa mambo ya watu laini. Siku moja niliingia uani nikamkuta peke yake, lori linaunguruma, ameuma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha iko kwenye bloku, macho amefumba. Alikuwa anatafuta mlio kwa mifupa ya taya. Aliponiona akautoa mdomoni, akaniambia jino linamsumbua. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuitwa mwanafunzi. Nilikuwa mtu mzima mwenye funguo za nyumba yangu, lakini mwanafunzi.

Nikawa masikio yake. Watu walikuja kutoka mbali, wanasema fundi huyu anasikia injini kama daktari anavyosikia moyo. Yeye anapokea sifa, mimi nanawa mikono. Sifa sikuzitaka. Nilitaka aseme tu. Nilipomwambia awaambie watu ukweli, akaniambia mimi mvivu, natafuta sababu ya kukimbia kazi. Ndipo nikaikimbia kweli. Hatujasemezana tangu hapo.

Usiniombe nirudi. Najua hujaomba, lakini naiona kalamu yako inavyonikaribia.

Sema naye. Na matokeo je? Naona unayaruka kama dimbwi.

Shangazi yako.


10 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Kiatu kilipatikana, hakifai tena. Jino la Kitindamimba linaota, limekaa upande. Mama hajambo.

Sijasema naye. Nilijaribu. Nilikaa karibu naye kwenye benchi mara nyingi, nikawa nasafisha nati ambazo ni safi.

Jumanne tulikuwa tunafungua propela shafti ya Afande. Baba alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Jeki ilikuwa juu ya ubao, ubao juu ya tope, na magogo ya kuzuia hakuweka kwa sababu alisema ni kazi ya mara moja. Nikaona ubao unazama upande mmoja, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaita. Sauti yangu unaijua, lakini siku hiyo hata Mama ndani aliisikia. Baba alikuwa anapiga mluzi. Nikachukua nyundo nikagonga chesi ya lori, nikagonga bila kuacha, mpaka mtetemo ukamfikia akatambaa nje amekasirika. "Unagonga nini wewe?" Kabla sijajibu, Afande likakaa chini pale kilipokuwa kifua chake.

Aliangalia. Akasema, "Tope hili." Kisha akanituma nikalete magogo.

Uliuliza matokeo. Nimefaulu. Nimepata nafasi chuo cha ualimu, tunatakiwa kuripoti tarehe tatu Juni. Nimejua tangu Februari, na anayejua mwingine ni Mama. Baba sikumwambia, na siendi. Tafadhali usinigombeze, nimefikiri vya kutosha. Siku ile ningekuwa darasani, nani angegonga chesi? Nimeshaamua na nimetulia, isipokuwa chakula hakipiti vizuri.

Ni mimi mwanao.


17 Aprili

Mwanangu,

Salamu zote zimefika, za kwangu nitazituma siku nyingine. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kapu la mashuka, ili barua hii iondoke na gari la leo.

Nimesoma ile ya jeki. Namshukuru Mungu kwa nyundo yako. Sasa nisikilize.

Ilikuwa niwe dereva wa gari la wagonjwa, hapa hapa hospitali. Waliniita mimi, mwanamke, baada ya kuniona nalirudisha nyuma lori la kaka yangu kwenye geti jembamba. Nikawaomba wanisubiri kidogo, kaka ana lori moja tu la kumaliza. Moja likaisha, likaja jingine. Hakunishika mkono, hakunifungia mlango. Kila asubuhi aliniambia tu, "Haya mwanafunzi," na mimi nikaona nikiondoka atakufa njaa au atakufa chini ya lori. Nilipofika hapa kiti kilikuwa na mtu, ikabaki nafasi ya dobi. Gari lile linapita dirishani kwangu kila siku, giaboksi inalia kwa sababu dereva anaswaga gia kama mbuzi. Na mimi masikio yangu ni mazima. Nasikia yote.

Wewe unataka kukaa kwa sababu ile ile, na umeshaanza kuiita utulivu.

Mwambie. Usimwambie ndani, ndani atakwambia umechoka, kalale. Mwambie uani, mteja akiwepo, injini ikiwa inaunguruma. Najua ninachokuomba, wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya pazia akija mgeni. Lakini akiendelea kuficha, awe amefichiwa na mwingine, si wewe.

Mimi siji. Hilo libaki lilivyo.

Shangazi yako.


12 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mashine angalau moja imepona. Huku mvua zimepungua. Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya ukumbi, kitambaa kimejaa nyumba nzima, tunapita kwa upande.

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumamosi. Mzee wa Kokoto alikuja kuchukua Afande, pamoja na vijana wake wawili wa kupakia mawe. Baba akaniita, "Haya mwanafunzi." Nikasikiliza, nikaona injini haina neno, nikamrudishia bisibisi yake mkononi. Nikasema, "Baba, wewe husikii." Akatikisa kichwa vile anavyotikisa, akaenda kulegeza nati ya pili. Alidhani nimemwambia ya kwanza ni nzima.

Kwa hiyo ilibidi niseme tena. Shangazi, sauti iliyotoka hapo siifahamu. Mama alisimamisha cherehani. Vijana wa mawe wakaanza kuangalia viatu vyao.

Baba akazima injini. Mzee wa Kokoto akanigeukia. Alisema, "Binti, taratibu. Hilo sisi tunalijua siku nyingi. Unadhani hata nyumbani kwangu naongea kwa makelele hivi? Mke wangu angenifungia nje." Na mimi miaka yote nilikuwa najua wateja wa Baba ni watu wasio na adabu.

Baba alimsikia, maana Mzee wa Kokoto hakupunguza sauti. Akachukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Kisha akasema, "Lori liko sawa. Lichukueni." Wakaondoka. Akaenda kukaa ndani ya Mstaafu, kwenye kiti cha dereva, akakaa humo mpaka Mama akampelekea chakula. Sijawahi kumwaibisha mtu, Shangazi. Nilijificha bafuni nikalia, halafu nikaona aibu kulia, maana si mimi niliyeaibishwa.

Siku zilizofuata hakunisemesha. Leo asubuhi alinikuta nakung'uta chujio la hewa, akasimama mbele yangu. "Unaripoti lini?" Kumbe Mama alishamweleza habari ya chuo, amemwandikia kwa chaki ya kushonea juu ya pazia la watu. Nikasema tarehe tatu. Akasema, "Nioneshe." Nikamwonesha vidole vitatu. Akasema, "Basi hiyo ovaroli uivue, inatakiwa." Hakusema inatakiwa na nani.

Nitaenda. Lakini sioni nani atabaki naye uani, na sitakuomba.

Ni mimi mwanao.


28 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu ile ya Mei, sijui kama ilikufikia au ina kikombe juu yake. Mimi sasa niko chuoni. Tunalala wanne chumbani. Wenzangu wazuri, wananiita Kimya. Juzi nilifundisha mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, mkufunzi aliyekaa nyuma akaandika kwamba nasikika. Nimeliangalia neno hilo sana.

Lakini nikikaa kitako nawaza uani tu. Likipita lori barabarani naacha kusoma, nahesabu silinda. Mama ameandika kwamba Baba anafanya kazi peke yake na kwamba nisiwe na wasiwasi. Mama akiandika nisiwe na wasiwasi, mimi ndipo naanza. Amesema pia Kuruta limeuzwa chuma chakavu.

Muhula huu unaisha Agosti. Wanaruhusu mtu kuahirisha mwaka akiwa na tatizo la nyumbani. Niambie ukweli, kwa sababu wewe huwa hunirembei maneno. Nirudi?

Ni mimi mwanao.


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba, Mwalimu. Barua zako zote mbili zilinifikia. Ya Mei sikuijibu kwa sababu nilikuwa naomba likizo, na kwa sababu nilisema siji, nikawa naona haya kuandika kinyume chake. Nakuandikia nikiwa kwenu, kwenye meza ya cherehani. Mama yako mzima, amekonda kidogo. Kitindamimba amenitazama siku nzima kisha akaniuliza kama mimi ndiye nilikuwa nimekufa.

Nilibisha geti mpaka jirani akatoka kuangalia. Kaka yangu alikuwa humo ndani, mgongo kwangu, anasugua ngoma ya breki. Nilipozunguka mbele yake akasema, "Umefika saa ngapi?" Nikamwambia, "Tangu nyumba hii inajengwa niko getini." Akausoma mdomo wangu, akacheka kidogo, akarudi kwenye ngoma yake. Hayo ndiyo maamkizi yetu baada ya miaka yote hiyo.

Sikuja kuwa masikio yake. Nilimwambia siku ya kwanza, na nimekuwa navaa gauni uani ili asije akasahau.

Juzi alikuja mtu mgeni na lori kubwa kama Afande, injini inagonga. Kaka akaweka kiganja kwenye bloku, akakaa nacho pale, akakiondoa. Mimi nimekaa kwenye ndoo. Nilisikia ni silinda ipi kabla yule mtu hajashuka. Kaka akanigeukia. Mwanangu, nimefua mashuka ya wodi nzima kwa mikono, lakini kufunga mdomo siku ile kulinichosha zaidi. Nikatazama mbele. Yeye akatazama chini. Kisha akamwambia yule mtu, "Mimi hii siisikii. Breki nafanya, springi nafanya, klachi nafanya. Injini mpelekee fundi wa barabara kuu." Yule fundi wa barabara kuu ambaye hata salamu walikuwa hawapeani.

Lori likaondoka. Kaka akaingia ndani, akala amesimama, hakumaliza. Kesho yake hakwenda uani. Leo ameanza kufungua breki za Afande, magogo ameyaweka pande zote nne, nimeyaona.

Sikudanganyi kwamba mambo ni mazuri. Kazi zimepungua. Mama yako sasa anashona mpaka mashati. Kaka yangu amechoka na mimi nimechoka, na likizo yangu inaisha Jumapili.

Swali lako niliona si langu kulijibu. Mchana huu nilienda nikasimama mbele yake apate kuona mdomo wangu. Sikupaza sauti. Nikamwuliza, "Mtoto anauliza, arudi?"

Akaendelea kukaza nati mpaka ikashika. Akaweka spana chini.

"Nimesikia," akasema. "Mwandikie hapana."

Shangazi yako.